Mishahara Mitatu Mkekani

Tarehe thelathini Januari, saa nne asubuhi, mshahara wa kwanza wa Alawiya alishuka kwenye boti pale Faza. Maji yalikuwa yamekupwa, basi akavua viatu, akapandisha suruali, akapita matopeni mpaka zahanati. Alikuwa mtu wa makamo, shati jeupe limepigwa pasi. Akawaamkia kina mama wajawazito, akaketi nao kwenye benchi.

Alawiya ni mkunga kutoka Ngazija. Kibali chake cha kazi kilikuwa kimetoka mwezi mmoja tu uliopita. Alimtambua mgeni wake mara moja. Bwana Kirimi, mhasibu wa zahanati, mtu wa Meru, alimtazama yule mgeni, kisha akatazama kompyuta.

"Ni wako, sikatai," akasema. "Lakini huna PIN ya kodi. Mfumo haunikubalii nikukabidhi."

"PIN nimeshaomba."

"Wanataka kwanza kitambulisho cha mgeni, na kiko Nairobi, kinachapishwa. Ngoja kidogo, sista."

Jioni zahanati ilifungwa, na hakuna anayeruhusiwa kulala mle ndani na dawa. Alawiya akaenda na mgeni wake nyumbani. Njiani alimweleza habari za mama yake, ambaye siku hizi haoni ila vivuli. Madaktari wa macho hufika Ngazija mara moja kwa mwaka; safari hii ni tarehe kumi na mbili Aprili, na anayetaka kupasuliwa hulipa kabla.

"Nenda kwake," Alawiya akamwomba. "Tafadhali."

Mshahara akainamisha kichwa kwa adabu. "Sijatolewa, dada yangu."

Bi Nasreen, mwenye nyumba, alishatandika mkeka. "Mgeni halali na ndaa kwangu," akasema. "Hata akiwa mshahara." Alawiya akakopa kuku na mchele dukani kwa Taufiq, naye Taufiq akaandika daftarini.

Hapo ndipo alipokosea, kama kumkirimu mgeni ni kosa. Mwisho wa Februari akaja wa pili, Machi akaja wa tatu, mashati yale yale. Sasa utampaje mmoja kuku, mwingine umpe mchicha? Haiwezekani. Walikula vizuri, waliswali jamaa, hawakumsumbua mtu. Kila asubuhi walirudi benchini ili Bwana Kirimi awaone, naye alithibitisha kwamba wapo. Alawiya akaanza kusema ameshiba kabla ya sahani kumfikia.

Tarehe kumi na mbili Aprili, adhuhuri, nduguye alipiga simu kutoka Ngazija. Foleni imefungwa. Madaktari wanafunga masanduku yao.

"Haya," Alawiya akasema, akarudi kumshona mama mmoja wa Tchundwa aliyejifungua pacha. Hakulia. Hakuhisi kitu chochote, na hilo lilimuudhi kidogo, kisha nalo likapita.

PIN ilikuja Mei, siku ya Jumanne, kwa ujumbe wa simu. Wakati huo wa nne naye alishafika. Bwana Kirimi akabonyeza, karatasi zikatoka, wote wanne wakaruhusiwa. Kila mmoja alikuwa amekatwa mkono mmoja wa shati. Ndiyo kodi hiyo.

Wawili wa kwanza walikwenda moja kwa moja kwa Taufiq, kwa ajili ya wali walioula wenyewe. Waliingia nyuma ya kaunta, hawakugeuka. Wa tatu alikwenda kwa Bi Nasreen, maana nyumba nayo ilikuwa haijalipiwa tangu Januari. Bi Nasreen alimpokea kwa haya, akamuuliza kama ameshakula.

Akabaki wa nne. Alawiya akamtuma Ngazija.

Jumapili nduguye akapiga simu kusema mgeni amefika salama. Mama alimpokea mlangoni, akampapasa uso, akashuka mpaka begani, akagusa pale shati lilipokatwa.

"Umechelewa, mwanangu," mama alimwambia. "Wamekwenda zao. Itabidi ungoje mwaka."

Kisha akaamuru mgeni atandikiwe mkeka.

"Sasa yuko wapi?" Alawiya akauliza.

"Yupo hapa, tunamngojea Aprili," nduguye akajibu. "Anakula vizuri."