Uso wa Mtu Anayelia

Wateja walimwita Taratibu kwa sababu ya mkono wake mwepesi wa kinyozi. Mtoto aliyeogopa mashine alisinzia kwenye kiti chake, na mzee mwenye vipele shingoni alikuwa radhi kusubiri foleni nzima ili anyolewe naye, wala si na mwenzake wa kiti cha pili. Hata maneno yake yalikuwa mepesi. Mtu akianza kuota upara, Taratibu alimwambia kwamba ni akili imezidi, inatafuta nafasi.

Kwa hiyo siku alipomwambia mteja wa miaka mingi, mbele ya watu, kwamba kichwa chake kimekaa kama kiazi, watu walicheka wakidhani ni utani. Mteja hakucheka. Taratibu akamnyoa upande mmoja, akaweka mashine chini, akatoka kwenda kununua peremende. Hilo la peremende nalo lilikuwa jipya. Alizila kana kwamba ametumwa kuzimaliza, na mkewe akawa anakuta makaratasi yake kwenye beseni la kufulia.

Mkewe alifundisha darasa la kwanza, na Taratibu alimwita Mwalimu hata chumbani. Mwalimu alivumilia mengi. Rafiki zake walimnong'oneza kwamba mwanamume akifika hamsini na kitu huanza mambo yake, achunguze, huenda kuna mtu pembeni. Akachunguza, asione mtu. Kilichomvunja ni siku aliyorudi kutoka kumzika mama yake. Aliketi sebuleni bila hata kuvua viatu, akalia. Taratibu alimtazama, akaongeza sauti ya redio, akauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Ni yeye huyo huyo ambaye zamani, mama mkwe alipolazwa, alikuwa akifunga kibanda mapema ili akamchane nywele wodini.

Mwalimu alifungasha begi akaenda kwa wifi yake, dada mdogo wa Taratibu. Njia nzima alijiandaa kwa ugomvi, maana damu ni nzito na alijua wifi angemtetea kaka yake. Lakini wifi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasimulia yaliyotokea kwake: kaka yake alikuja bila hodi, akala chakula cha watoto kwenye sahani zao, akaondoka bila kuaga.

"Wifi, mimi nimekua na huyu mtu," alisema. "Huu si ujeuri. Kaka anaumwa."

Wakampeleka hospitali. Daktari wa kwanza alimuuliza tarehe, mtaa anaokaa, na maneno ya kushika kichwani. Taratibu alijibu yote bila kukosea, akaongeza kwamba daktari amenenepa. Walirudi na dawa za sonona. Miezi ikapita, mambo yakazidi, ndipo wifi aliposimama kidete mpaka wakaandikiwa kwenda kwa daktari wa ubongo.

Huyu alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, na hakuanza na mgonjwa. Aliwaomba Taratibu na dada yake wasubiri nje, akamkaribisha Mwalimu kiti.

"Niambie alikuwa mtu wa namna gani," alisema. "Ya sasa tutayafikia."

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Mwalimu alizungumza mpaka koo likamkauka, na daktari hakumkatisha.

Kisha Taratibu akaitwa. Daktari alimweleza kwamba akigonga meza mara moja, yeye agonge mara mbili. Akigonga mara mbili, yeye atulie. Taratibu alianza vizuri, halafu akawa anaiga tu kila alichosikia. Baadaye akaonyeshwa picha za nyuso. Alipofika kwenye uso wa mwanamke anayelia, daktari alimuuliza huyu anajisikiaje.

"Ana meno mabaya," alisema Taratibu.

Mwalimu alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Mumewe alikuwa bado anayaangalia meno.

Damu ilipimwa, kwa sababu yako maradhi yanayotibika ambayo humbadilisha mtu vivyo hivyo. Hayakuonekana. Picha ya kichwa ilionyesha sehemu ya mbele ya ubongo imesinyaa. Daktari alieleza kwamba huu ni ugonjwa wa akili kupungua, ila haukuanzia kwenye kumbukumbu, ulianzia kwenye tabia. Ndiyo maana wengi huuita utovu wa adabu. Dawa ya kuuponya hakuna. Namna ya kuishi nao ipo.

"Kwa hiyo hajaacha kunipenda?" aliuliza Mwalimu.

Daktari hakukimbilia kumridhisha. "Anachohisi ndani siwezi kukipima. Lakini hakuamua kukuumiza. Ile sehemu inayotuonyesha maumivu ya mwenzetu ndiyo inayougua."

Siku hiyo Mwalimu alirudi nyumbani na begi lake kutoka kwa wifi. Kule kibandani, kinyozi mwenzake alichukua kiti cha kwanza, akafungia nyembe kabatini, akawaeleza wateja mmoja mmoja. Taratibu akabaki na kazi ya kufagia nywele na kukunja taulo, na ole wake atakayeikunjua aliyoikunja.

Taratibu alipoacha kujinyoa ndevu mwenyewe, Mwalimu alijifunza kumnyoa. Asubuhi ya kwanza alimketisha karibu na dirisha, akampaka povu, akaweka wembe shavuni.

"Wembe wako unavuta ngozi," alisema Taratibu.

Akamshika kifundo cha mkono, akakilaza kidogo mpaka wembe ukakaa sawa. Alikishikilia hivyo kwa muda, kisha akakiachia, akageuza shavu la pili.