Cha Nyumbani

Kitambaa kilichokatwa hakikuwa chenyewe, na afisa wa biashara alikuwa ameshakaa ofisini anakunywa chai.

Mkasi, mkata kitambaa wa kiwanda cha mashati, alilijua hilo akiwa mlangoni mwa stoo, chaki ikiwa bado nyuma ya sikio. Aliyemjulisha, tena bila kukusudia, ni mtunza stoo, waliyezoea kumwita Kufuli.

"Fundi, haya majora ya kiwanda cha kufuma tuyahamishie wapi? Yamenizibia mlango, naingia ubavu ubavu kama kaa."

"Majora gani?"

"Haya hapa. Yaliyobaki."

Mkasi aliyatazama. Yalipangwa mpaka usawa wa kifua, nailoni haijachanwa. Halikutakiwa kubaki hata moja.

"Yale mashati makubwa tuliyakata kwa kitambaa gani?"

"Kile ulichoniagiza mwenyewe. Cha nyumbani." Kufuli alionyesha rafu ya ndani, ambayo sasa ilikuwa tupu. "Si ulisema dada yako kapiga simu, kasema makubwa tukate cha nyumbani?"

Mkasi aliingia ubavu, akaipapasa rafu ile tupu.

Katika kiwanda kile, tangu kina mashine nne za kukanyaga kwa mguu, vitambaa vilikuwa vya aina mbili. Kulikuwa na cha mteja, yaani kile anachokuja nacho mteja mwenyewe, na kulikuwa na cha nyumbani, yaani kile walichonunua wao wakakiweka rafuni. Hicho cha nyumbani kilitoka ng'ambo, kilikuja kwa meli, na hakuna aliyewahi kuona ajabu kukiita hivyo. Lakini dada yake, mwenye kiwanda, alipopiga simu siku ile, madogo yakiwa yameshakatwa kwa majora ya kiwanda cha kufuma, alikuwa ametoka kukalishwa semina ya ushuru juma zima, na semina imembadilisha ulimi. Yeye alimaanisha kitambaa kilichofumwa hapa nchini. Vyote viwili vilikuwa vyeupe. Mkasi alitandaza, akachora, akakata, na ukingo wa kitambaa, wenye chapa ya ng'ambo, ukapita mbele ya macho yake kama unavyopita uso wa mtu unayekutana naye kila siku.

Yote haya yaliletwa na kuhitimu. Redio ilitangaza kwamba nchi imehitimu, imetoka kwenye orodha ya nchi maskini kabisa, na mafundi wakacheka wakaulizana joho limeshonwa wapi. Dada hakucheka. "Ukihitimu, ada hulipiwi tena," aliwaambia. Zamani ilitosha shati kushonwa hapa, kitambaa kitoke popote, nalo liliingia ng'ambo bila ushuru. Sasa hapana. Nchi zilizohitimu zilipewa msaada wa kuvuka: ushuru usitozwe kwa miaka mitatu, ila kwa kiwanda kinachotumia kitambaa kilichofumwa nchini. Dada aliuomba msaada huo mpaka kiatu kikaisha kisigino. Mzigo wa leo ndio ulikuwa wa kwanza, na lori lilikuwa nje, dereva amelala miguu dirishani.

Mkasi alimwita dada yake nje ya ofisi, wakasimama kwenye njia ya kwenda chumba cha pasi, penye mvuke na kelele.

"Sema haraka, mgeni yuko peke yake."

Akamwambia. Dada hakupandisha sauti. Alishika ukuta.

"Nani anajua?"

"Mimi na Kufuli."

"Kufuli hafunguki. Na wewe?"

"Dada, yale maboksi ya makubwa yatolewe. Mengine yaende."

"Yakitolewa, oda imepungua. Mnunuzi kasema yote au anatafuta mwingine. Unataka nikawaambie nini hawa?" Alionyesha kwa kidevu ukumbi wa mashine, vichwa vimeinama, miguu inakanyaga. "Shati jeupe, kitambaa cheupe. Nani atajua?"

"Si wewe uliyesema cha nyumbani?"

"Na si wewe uliyekata bila kuuliza? Mtu mzima, unashika kitambaa kila siku ya Mungu, hukukitambua?"

Mkasi aliangalia viatu vyake, vimejaa vumbi la pamba.

"Mkata kitambaa lazima aweke sahihi mbele ya afisa," dada alisema, sasa kwa upole, na upole ule ndio uliomuuma. "Utaingia, utaweka, utatoka. Basi. Nifanyie hilo, kaka."

Akakubali. Aliinamisha kichwa, akapiga moyo konde, akaingia.

Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Mbele yake boksi moja lilikuwa limefunguliwa, la saizi ndogo, na shati moja limegeuzwa nje ndani. Alilikunja vizuri kuliko walivyolikunja wao.

"Karibu, baba. Wewe ndiye Mkasi? Nilidhani utakuwa mwembamba."

"Nilikuwa. Nimenolewa vibaya."

Afisa akacheka, kisha akarudi kazini. "Haya makaratasi nayapiga muhuri mimi, lakini kule ng'ambo hawaamini karatasi peke yake. Wanachomoa uzi wanaupima. Wakikuta uongo, si kiwanda hiki tu. Muhuri wangu wanautilia shaka, na mizigo ya wenzenu wote inakaa bandarini mpaka shaka iishe. Kwa hiyo namuuliza kila mkata kitambaa, uso kwa uso." Alivaa miwani. "Haya mashati yote, makubwa kwa madogo, kitambaa chake ni cha nyumbani?"

Kalamu ilikuwa imeshafika mkononi mwa Mkasi. Jibu lilikuwa rahisi, tena halikuwa hata la uongo. Aseme ndiyo, cha nyumbani, na hakuna mtu kiwandani angeweza kuapa kwamba amedanganya. Nyuma yake dada alikuwa amesimama, na Mkasi aliisikia pumzi yake ikikatika. Nje dereva wa lori alipiga honi fupi, ya mtu aliyechoka kungoja.

"Ni cha nyumbani, baba?"

"Nyumbani ipi?" Mkasi akauliza.

Afisa alimtazama juu ya miwani. "Kwani zipo ngapi?"

"Hapa kwetu zipo mbili."

"Kaka," dada alisema, kwa sauti ndogo.

Mkasi aliiweka kalamu mezani. Akaeleza kuhusu rafu ya ndani, simu, na saizi kubwa. Alipomaliza, afisa aliomba chai yake iondolewe, akatoka mwenyewe hadi kwenye lori, akaanza kuonyesha kwa kidole maboksi ya kushusha. Madogo aliyapigia muhuri. Makubwa hakuyapigia.

"Kwenye mpango wa msaada mtabaki," alimwambia dada kabla ya kupanda gari. "Mngenidanganya, msingebaki."

Dada alimshukuru, kwa adabu, uso umekauka kama kuni.

Maboksi kumi na manane yalirudi stoo na kuziba mlango. Baadaye yaliuzwa kwa wachuuzi wa sokoni kwa bei ya matambara. Mnunuzi wa ng'ambo alipunguza oda iliyofuata ikawa nusu. Mashine sita ziliuzwa, zile mpya. Watu wanane walisimamishwa kazi, wanawake saba pamoja na Kufuli, aliyekabidhi funguo akasema sasa aitwe Mlango, maana hana tena cha kufunga. Miaka mitatu ya msaada ilibaki miaka mitatu, hawakukatwa hata siku moja kwa kosa lile.

Mkasi bado anakata. Rafu ya ndani imeng'olewa. Na dada yake, tangu siku ile, humwita fundi, kama wanavyomwita wengine wote.