Jumatatu Anafunga

Mjukuu wangu anauza kwenye duka la dawa, na siku yake ya kupumzika ni Jumamosi. Wenzake siku hiyo hulala mpaka jua liwachome kope. Yeye huvaa raba, akanigongea mlango na kuniambia, "Mke mwenza, inuka, twende tukale mahali usipopajua."

Ndiyo kazi aliyojipa. Anatafuta vibanda vya chakula na vijiduka vilivyojificha mjini, vile visivyo na bango wala taa za rangi. Anakula, anapiga picha, kisha anaandika kwenye kundi lake la simu, jina lake Tumbo Letu. Watu wakisoma, wanafuata. Kuna mama mmoja wa mikate nyuma ya soko alikuwa akirudi nyumbani na nusu kapu. Siku hizi jua halijakaza, yeye ameshakung'uta kapu na kujifungia leso kiunoni aende zake. Mimi nachukuliwa kwenye safari hizo kwa sababu, anasema, ulimi wangu hauna adabu. Chakula kibaya nakiita kibaya mpishi akinisikia.

Jumamosi ninayoisimulia alinipitisha kwenye uchochoro ulio kati ya fundi viatu na duka la misumari. Mtu mnene hupita hapo kwa ubavu. Nilipita kwa ubavu. Mwisho wa uchochoro tukakuta chumba kimoja chenye mlango wa mbao uliopakwa rangi ya kijani hadi kimo cha mtu mfupi; juu ya hapo rangi ilimwishia mpakaji. Ndani mlikuwa na mabenchi mawili, meza ya kitambaa cha plastiki, dirisha la nyuma, na jiko la matofali lililojengwa kwenye kona, limepigwa lipu vizuri kama ukuta wa nyumba ya bwana harusi.

Mpishi ni mwanamume wa makamo, na kila mtu humwita Taratibu. Ukimwambia una njaa, anajibu "taratibu". Ukimwambia wali unaungua, anajibu "taratibu" vilevile, ila mkono wake umeshafika kwenye sufuria.

"Baba," nikamwambia, "kabla hujanipa sahani, kitendawili."

"Tega, bibi."

"Nina watoto weupe wengi. Nikiwawashia moto wanagombana, nikiwafunika wanalala."

Akainua kifuniko, akachungulia, akakirudisha. "Ndio hao wamelala. Kaa nikuletee."

Nikajua hapa nimefika.

Wali ulikuwa wali, kila punje inajitegemea. Lakini maharage ndiyo yaliyoninyamazisha. Hayakuwa yamekimbizwa. Ngozi ilikuwa juu yake nzima, na ukilibana moja kwa ulimi linalegea lenyewe. Mjukuu wangu alikuwa ananitazama usoni ajue nitasema nini. Nikasukuma sahani niongezwe.

Tulipokuwa tunamalizia, Taratibu akatoa mfuko mkubwa chini ya meza. Ndani mlikuwa na vibakuli vipya vya plastiki, kila kimoja na kifuniko chake. Akakifuta kimoja kwa aproni, ingawa kilikuwa kisafi.

"Hawa watu wa gereji, na mafundi cherehani wa ng'ambo ya barabara," akasema, "wanachungulia, wanaona mabenchi yamejaa, wanakwenda zao na njaa. Sasa basi. Jumatatu nafunga."

"Hongera, baba," nikamwambia. Alivyokuwa ameshika kile kifuniko, ungedhani ameshika cheti cha mtoto.

Mjukuu wangu akaandika palepale na kunisomea: *Wali na maharage kwa Taratibu, uchochoro wa fundi viatu. Bibi kaongeza sahani, na nyinyi mnamjua bibi. Wahini, Jumatatu anafunga.*

Nikamwambia yamekaa sawa. Na kwa nini nisione yamekaa sawa? Vifuniko vilikuwa mbele ya macho yetu.

Jumatatu mchana, ameaga kazini, akanipigia simu, anaongea mbio mbio. "Bibi, njoo kwa Taratibu. Njoo sasa hivi."

Nilipofika mlangoni nilimkuta amekaa kwenye benchi moja, Taratibu kwenye lile jingine, na katikati yao mnara wa vibakuli vilivyojaa chakula na kufunikwa. Hapakuwa na mla hata mmoja.

"Bibi, jana ilikuwa ajabu," Taratibu akasema. "Watu walijaa mpaka kwa fundi viatu. Wanakula, wanasifu, halafu kila anayeondoka ananishika mkono kwa mikono miwili. 'Pole sana, kaka.' Nikadhani wananionea huruma kwa kazi nyingi. Mama mmoja akanikumbatia. Nikamuuliza, kwani kuna msiba? Akaniambia, 'Usijikaze, kaka, mwanamume naye hulia.' Kuna bwana akauliza kama sufuria kubwa naiuza."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia aulize maharage yaliyomo."

"Na leo?"

"Leo hata paka wa duka la misumari hajapita."

Hapo ndipo neno liliponigeukia kichwani. Nikamtazama mjukuu wangu, naye akanitazama, na nikaona kwamba yeye ameshalijua kabla sijafika. Ndiyo maana aliongea vile. Watu wa Tumbo Letu hawakuona vifuniko. Walisoma "wahini", wakasoma "anafunga", wakaja kumzika mtu na duka lake.

"Nimeshaandika kusahihisha," akasema kwa unyonge.

"Umeandikaje?"

Kabla hajajibu, sauti ya fundi viatu ikatujia kutoka mwanzo wa uchochoro. Naye yumo kwenye kundi, kumbe. Alikuwa anamsomea mteja wake kwa sauti ya kutangaza mpira: "'Jamani, Taratibu hafungi. Anafunga.' Haya, tuambieni, anafunga au hafungi? Mimi ni jirani yake na sijui."

"Futa hiyo," nikamwambia mjukuu wangu. "Andika kama unamwelezea mtoto. Taja vibakuli. Taja vifuniko. Hilo neno ulikwepe kama unavyokwepa dimbwi."

Alikuwa bado anaandika tuliposikia funguo. Mwenye jengo lile ni mama wa rika langu, anakaa ghorofani, na kwa kuwa hutembea na rundo la funguo kiunoni, wanamwita Mama Funguo; unamsikia anakuja kabla hujamwona. Nyuma yake alikuwepo bwana mwenye miwani na futi ya kupimia. Bwana yule akaingia, akasalimu kwa heshima, akaanza kupima ukuta.

"Usikimbizwe na mtu, baba," Mama Funguo akamwambia Taratibu, bila kumtazama usoni. "Huyu ni wa vifaa vya simu. Anapima tu. Wewe mpaka mwisho wa mwezi upo."

Taratibu akasimama. "Mwisho wa mwezi nakwenda wapi, mama?"

"Mimi nitajuaje? Si unafunga?"

"Ndiyo, nafunga."

"Basi."

"Basi nini, mama?"

"Nilikuuliza jana pale kwenye ngazi. Nikasema, nasikia Jumatatu unafunga. Ukanijibu nini?"

"Nikakujibu ndiyo, mama, Mungu akipenda."

"Ukacheka."

"Nilikuwa nimefurahi."

"Unaona?" Mama Funguo akanigeukia mimi, ingawa hanijui, kwa vile ni mimi niliyekuwa na mvi. "Mtu amekaa kwangu miaka yote hii, mtoto wake wa kwanza nimemwogesha mimi. Leo anafunga virago huku anacheka, kwaheri hanipi, habari nazipata kwa fundi viatu. Nilipanda juu nikakosa hata hamu ya kula. Nikasema, heri nitafute mtu mwingine leo leo, kabla sijaanza kumchukia huyu."

Taratibu alifungua mdomo, lakini yeye mambo yake ni polepole, na maneno yalikuwa hayajapangana. Nikaona nimsaidie.

"Mwenzangu," nikamwambia, "kitendawili."

"Wewe ni nani?"

"Mla maharage. Kitendawili."

Akanikazia macho, lakini kwa umri wetu neno hilo hulijibu hata usingizini. "Tega."

"Neno langu moja. Nikiufanyia mlango, hakuna anayeingia. Nikiufanyia wali, unatoka kwenda mjini. Nikijifanyia mwenyewe, nashinda na njaa."

Funguo zikatulia. Alifikiri, midomo inacheza. Aliyejibu kwanza ni yule bwana wa simu, futi ikiwa bado ukutani. "Kufunga," akasema, halafu akageuka, akautazama ule mnara wa vibakuli.

Mama Funguo naye akautazama. Akachukua kibakuli kimoja, akakinyanyua, akakigeuza, akasikia joto la chakula kupitia plastiki. Kisha akakaa chini kwenye benchi taratibu kuliko Taratibu.

"Kumbe ni haya," akasema.

"Ni hayo, mama," Taratibu akasema.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yaliishia hapo kwa kicheko. Hayakuisha. Bwana wa simu alikunja futi yake, akasema kwa upole sana, "Mama, mimi chumba changu cha zamani nimekitoa asubuhi hii. Kinyozi alikuwa anakisubiri, ameshaingia. Maboksi yangu yote yapo chini ya ngazi yako, na neno lako ulinipa."

"Nilikupa," Mama Funguo akasema, na sauti ilikuwa imepungua. "Na mimi neno langu sijawahi kulivunja."

Mjukuu wangu akaanza kulia. Akasema ni yeye aliyeandika, ni yeye, asilaumiwe mtu mwingine. Hakuna aliyemlaumu, na nadhani hilo lilimuumiza zaidi.

Taratibu alikuwa ameweka mkono juu ya jiko. "Sufuria nitabeba," akasema, kama anayehesabia mwenzake vitu vya safari. "Mabenchi nitabeba. Hili jiko nilijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, nikalibomoa mara mbili kwa sababu moshi ulikuwa unarudi ndani. Sasa haurudi. Hili halibebeki."

Kisha akafanya jambo lililonishinda kulielewa wakati ule. Akapakua sahani na kumpa yule bwana wa simu. "Umepima ukuta mzima," akamwambia. "Kula."

Bwana yule akakaa ukingoni mwa benchi kwa aibu, akala kijiko kimoja, akala cha pili, akavua miwani iliyoingia mvuke.

Alikuwa bado anakula, ujumbe mpya wa mjukuu wangu ulipowafikia watu. Kwanza alikuja fundi cherehani mmoja, sindano bado kwenye kola, akataka vitatu vya kuondoka navyo. Halafu watu wa gereji kwa pamoja, mafuta mpaka viwikoni, wanataniana na Taratibu kwamba maiti gani hii inauza wali. Foleni ikarefuka mpaka fundi viatu akalalamika kwamba wanamzibia mwanga. Na kila aliyesimama kwenye ile foleni alikuwa ameinamia simu. Mmoja akauliza, "Kaka, hapa hamna pa kuchaji?" Mwingine kioo chake kilikuwa kimepasuka kama kiganja cha mkulima.

Bwana wa simu aliacha kutafuna. Aliitazama foleni ile kuanzia mbele mpaka nyuma.

"Mama," akasema, "kule nilikotoka nilikuwa nashinda nafukuza nzi. Mimi sihitaji chumba. Nahitaji watu wanaosubiri." Akanyoosha kijiko. "Nipe ukuta huu wa mlangoni. Kabati langu ni jembamba. Ila benchi hili halitakaa hapa."

Wote tukamtazama Taratibu. Mabenchi ni mawili tu, na nilijua anachofikiria: nusu ya wanaokaa watakuwa hawana pa kukaa.

"Taratibu," akasema. Akalitazama benchi la mlangoni, kisha lile la dirishani. "La dirishani libaki. Hapo hukaa wazee. La mlangoni chukueni."

"Na vitunguu vyake?" Mama Funguo akamuuliza bwana wa simu, sauti imeanza kurudi. "Simu zako zitanuka vitunguu, usije kunililia."

"Zitanuka, mama."

"Na kodi mtagawana wenyewe. Mimi sitaki kupanda na kushuka ngazi kwa magomvi ya wanaume wawili."

Likatolewa benchi. Fundi viatu alilidaka kabla halijagusa ardhi, maana wateja wake miaka yote humsubiri wakisimama kwa mguu mmoja. Mjukuu wangu alifuta macho, akajifunga kanga yangu kama aproni, akasimama kupanga vibakuli mpaka vikaisha. Bwana wa simu akaanza kuvuta maboksi yake kutoka chini ya ngazi, moja moja.

Foleni ilipokwisha Taratibu alimwaga maharage ya kesho kwenye sinia, akaanza kuchambua. Mama Funguo alikuwa bado amekaa. Hakuna aliyemwita. Akavuta ukingo wa sinia kwake, akaanza naye kutoa vijiwe na kuvirusha mlangoni, kimoja baada ya kingine.

"Siku nyingine ukifurahi," akamwambia, "niambie umefurahia nini."