Chenga Shavuni mwa Mama

Picha ya mwisho ya mama ilikuwa mbovu, na aliyeiharibu ni bintiye mwenyewe, mpiga picha anayegombewa na maharusi wa mji mzima.

Siku ile macho yalikuwa yanamuuma mama. Mapazia yamefungwa, taa hataki, na flashi aliipiga marufuku: "Usinimulike kama mwizi." Binti akailazimisha kamera ione gizani, akaliacha tundu lake wazi muda mrefu kuliko kawaida, akamsihi mama asitikisike. Lakini mama alikuwa amepika miaka thelathini katika jiko la shule, na kutulia hakukuwa fani yake. Akapunga mkono. "Yatosha, njoo ule!"

Picha ikatoka na chenga tele, kama iliyomwagiwa mchanga, na penye mkono pakawa ukungu mtupu. Binti akasonya. Akasema watapiga nyingine wiki inayofuata. Wiki iliyofuata mama hakuwepo.

Zaidi ya hiyo palibaki ya kitambulisho tu, amekodoa macho kama anayesomewa mashtaka. Sasa kaka mkubwa alitaka ya kutundika sebuleni Jumapili, ndugu watakapokuja. Alipoiona kwenye kompyuta ya studio, akashika kichwa.

"Mdogo wangu, za watu zinang'aa, ya mama ndiyo umempiga kama jini?"

"Chumba kilikuwa na giza, kaka."

"Basi isafishe. Si ndiyo kazi yako?"

Akaisafisha. Programu ikazimeza chenga zote. Ule mkono akaukata. Kaka akapiga makofi. "Naam! Amerudia usichana!" Akaondoka akipiga mluzi.

Binti akabaki ameikodolea macho picha. Alikuwa mama, na hakuwa. Akalikuza shavu la kushoto mpaka likajaa kioo. Vidoti havikuwepo. Vilikuwa vitano, alama za mafuta ya moto yaliyomrukia jikoni, vidogo kama ufuta. Binti alikuwa akivihesabu kwa kidole tangu enzi za kupakatwa. Programu ilidhani ni chenga, ikavifagia. Shavu lilikuwa laini kama sabuni mpya. Mwanamke huyu hajawahi kusimama mbele ya karai.

Akaifungua ile ya kwanza. Vidoti vilikuwepo, vimejichimbia katikati ya mchanga ule. Ukungu nao ulikuwepo. Miezi minane alikuwa akilala na ombi moja tu, amwote mama akimwita, na kila asubuhi aliamka mikono mitupu. Kumbe mwito ulikuwa hapa, umetanda kutoka begani hadi ukingoni mwa picha. Njoo ule. Naye siku ile alijibu hana njaa.

Jumapili aliwahi kabla ya wote, akatundika yenye chenga.

"Mbona kama televisheni iliyokosa mawimbi?" akauliza mama mdogo, mdogo wake marehemu, na sebule nzima ikacheka.

Kaka hakucheka. "Umetuaibisha mbele ya ndugu. Utuombe radhi hapa hapa, kisha ukalete ile safi."

"Ile safi nimeifuta, kaka."

"Umefanya nini?"

"Nimeifuta. Na radhi siombi."