Gari Lililonyweshwa Kombe

Mimi si mwepesi wa kushukuru. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, na kwamba hata nikipewa halua nitauliza mbona haina lozi. Basi nikikwambia nalishukuru gari, jua nimepima kwanza.

Nilikuwa mkunga hapa Jadida, Wete, kwa miaka ishirini na mitano. Msimu wa karafuu wa mwaka hamsini na nane nikateleza kwenye ngazi ambayo mwanamke wa umri wangu hakuwa na haja ya kuipanda, nikavunjika nyonga. Nililala miezi saba. Katika miezi hiyo Khairiya, binti wa dada yangu Mwanapili, alijifungua kwa mumewe Limbani, nami sipo. Mtoto alitanguliza miguu, waliokuwepo hawakujua la kufanya, akafa. Hakuna aliyenilaumu. Nilijilaumu mwenyewe na ikatosha.

Nilipoinuka, mguu mmoja ulikuwa hausikii amri. Kwa mkongojo nilifika kisimani na kurudi, basi. Wakunga wenzangu walikuja kunipa pole, ile pole ya kumpa mtu aliyekwisha, nikawakaribisha chai na moyoni nikawatukana. Halafu Khairiya akashika mimba tena. Alinitumia maneno machache tu: "Mama mdogo, mara hii uwepo." Nikamjibu nitakwenda hata kwa kutambaa. Limbani si mbali kwa mwenye miguu miwili, lakini kwangu mimi ilikuwa kama Makka.

Ndipo akaja Bi Zehra, mke wa Hakimuddin mwenye duka la vitambaa. Watoto wake wanne wote walipita mikononi mwangu. Baba mkwe wake, aliyekuwa kiwete, alikuwa ameagiza kutoka Ulaya kijigari cha magurudumu matatu kinachokwenda kwa umeme, na tangu mzee afariki kilikaa ghalani kimefunikwa magunia.

"Bi Mwatum," akaniambia, "gari linaozea ndani na wewe unaozea ndani. Afadhali mkaozee njiani pamoja."

Nikampenda kwa maneno hayo. Wengine wote walikuwa wakisema nami kwa sauti ya matangani.

Gari lenyewe lilikuwa na kiti kimoja mbele, kibao cha kukalia nyuma, na usukani kama mkono wa baiskeli. Chini ya kiti kulikuwa na mabetri, na hayo ndiyo Bi Zehra aliyonihubiria siku tatu mfululizo. Kila alasiri nilirudishe kwao lishindiliwe umeme kwa injini ya duka, nisingoje mpaka liishiwe kabisa, maana betri lililozoea njaa hufa mapema. Kilimani nisilikamue. Likichoka nilizime, nikae, nilipe muda, litajikusanya lenyewe. Na maji! Betri linakunywa, lakini linakunywa maji ya mvua yaliyochujwa tu, si ya kisima yenye chumvi, tena kiasi cha kufunika vyuma vya ndani, si pomoni.

"Linadeka kuliko mzazi," nikasema.

"Ndiyo maana nakupa wewe," akajibu.

Wiki ya kwanza niligonga ukuta wa jirani yangu Mjaka mara mbili. Wiki ya pili nilikuwa bibi harusi. Petroli sinunui, moshi sina, wala simpigii mtu kelele mlangoni: nilikuwa nafika kwa mzazi na mtoto mchanga hata hakupepesa jicho. Watu wakaliita Bubu. Ubaya wake ulikuwa kwa kuku tu, ambao hawakulisikia likija na wakalala katikati ya njia kama wamelipia, hata nikalifunga kengele. Yule mkunga aliyekwisha akaanza kuitwa tena, na mimi kila asubuhi nikipanda nasema alhamdulillahi kwa sauti, wasikie.

Dada Mwanapili peke yake hakulipenda. Ni mkubwa wangu kwa miaka sita, mjane, tunakaa nyumba moja, na kifua chake kina pumu. Kila Alhamisi Mwalim Shaame humwandikia kombe: aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikakoshwa kwa maji na marashi, akanywa, na wiki yake ikapita salama. Kitu kinachokwenda bila ya ng'ombe wala mlio kilimtia hofu. "Kitakwangusha tena hicho," alikuwa akiniambia. Mimi nikamcheka.

Ijumaa moja asubuhi Mbarouk, mume wa Khairiya, akaja na baiskeli, jasho linamtiririka. Uchungu umeanza. Gari lilikuwa uani kwetu, limeshiba tangu jana. Nikachukua mkoba wangu, Dada akapanda kibao cha nyuma, Mbarouk akatangulia kupeleka habari. Nilipogeuka nikaona pindo la kanga ya Dada limetoboka vitundu vitundu, kama limeliwa na mende. Sikuuliza. Laiti ningeuliza.

Tulikwenda vizuri mpaka chini ya kilima cha Limbani. Hapo Bubu akaanza kujikokota. Nikakamua kishikio, akajikokota zaidi. Katikati ya kilima akasimama kabisa.

Nikamwomba Dada anishike, nikashuka, nikainua kiti. Harufu ya marashi ikanipiga usoni. Mabetri yalikuwa yamejaa mpaka yamefurika, na pembeni mwa vifuniko kuna rangi ya manjano ya zafarani.

"Dada," nikasema, "umelitia n'ni gari?"

Akatazama chini. "Kombe."

"Kombe!"

"Wasema lanywa maji. Nkaona kama lanywa, basi linywe maji yenye Qur'ani, likutunze."

Sasa nitasema kweli, ingawa hainipendezi. Nilimtukana. Dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni, nilimtukana njiani mchana kweupe. Nilimwambia ujinga wake ndio utakaomuua mjukuu wake wa pili. Nilimwambia maji yale yamemwaga dawa ya betri na dawa hiyo ndiyo iliyoila kanga yake, na kwamba ingemla na mkono ningefurahi. Alizunguka nyuma, akaweka viganja vyake juu ya kibao, akaanza kusukuma.

Nikapanda nikashika usukani, nikimhimiza: "Sukuma! Sukuma, Dada!" Gari likasogea dhiraa mbili, tatu. Halafu nikasikia kifua chake. Kilikuwa kinapiga filimbi, ile filimbi mbaya ninayoijua, na ilikuwa siku moja tu baada ya Alhamisi, siku ambayo kwa kawaida huwa mzima kabisa.

Nikageuka. "Dada, jana hukunywa kombe lako?"

Akatikisa kichwa. Pumzi ya kusema hakuwa nayo. Aliinua kidole kimoja, halafu viwili, nikafahamu: sahani ilikuwa moja tu, na wahitaji wawili. Akanichagua mimi.

Jamani. Nimezalisha watoto zaidi ya mia tatu na sijawahi kulia mbele ya mtu. Pale kilimani nililia kama mimi ndiye mtoto.

Nikamvuta akakaa kwenye nyasi, nikamfungua kanga kifuani. Kila kiungo changu kilitaka kukimbia kwenda kwa Khairiya. Lakini sikuwa na miguu, sikuwa na gari, na sikuwa na haki ya kumuua dada yangu ili nimwokoe binti yake. Na hapo ndipo nilipojisikia nilivyokuwa nikipiga kelele. Sukuma, sukuma. Miaka ishirini na mitano nawakataza wanawake hilo: usisukume kabla ya wakati, mwanangu, utajichosha bure, pumzika, uchungu utakuja wenyewe na nguvu zake. Bi Zehra naye aliniambia hivyo hivyo juu ya gari, nami nikasikia kwa sikio moja.

Nikalizima. "Pumzikeni nyote wawili," nikasema, na mimi nikakaa.

Ilikuwa robo saa, na sijapata kuona robo saa ndefu kama ile. Nilisoma Yasini yote. Filimbi ya kifua cha Dada ikashuka kidogo kidogo. Nilipowasha, Bubu akatikisika, akaenda. Polepole, kama mtu anayetoka homani, lakini akaenda, nami safari hii sikumkamua. Dada nilimpakia na mkono wangu mmoja nikaushika wake. Tukafika kileleni, na kutoka kileleni mpaka nyumbani kwa Mbarouk ni mteremko mtupu.

Khairiya aliposikia kengele alianza kulia kabla hajaniona. Nikanawa, nikampapasa tumbo, na nikaujua ukweli kabla ya mtu mwingine. Mtoto alikuwa ametanguliza miguu, kama ndugu yake.

"Mama mdogo, vipi?" akauliza.

"N'po," nikamwambia. "Tulia, mwanangu. Mara hii n'po."

Sitaeleza nilivyofanya, hiyo ni kazi yangu. Nitasema tu kwamba wakati adhana ya Ijumaa inasomwa, msichana alikuwa mikononi mwangu, wa bluu kidogo, halafu mwekundu, halafu mwenye hasira. Alikuja amekunja uso. Nikampa bibi yake.

"Dada," nikasema, "niwie radhi kwa niliyoyasema."

Mwanapili alikuwa bado anahema. Akamtazama mjukuu, akanitazama mimi, akatazama nje kwenye gari.

"Mie nnakwambia siku zote," akasema, "kombe la Mwalim Shaame halikosi."

Nilikuwa na jibu, tena kali. Nikalimeza.

Bi Zehra alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamwita fundi, mabetri yakamwagwa na kutiwa dawa upya, na mpaka leo Bubu ananipeleka ninakotaka. Maji ya mvua nayatia mwenyewe. Na kila Alhamisi namwomba Mwalim Shaame aandike sahani mbili. Ya kwanza Dada anaimaliza mbele ya macho yangu, mpaka tone la mwisho. Ya pili namwachia, naye huchukua maji yake akazunguka gari, akinyunyizia magurudumu yote matatu, moja baada ya jingine, na mimi nasimama na mkongojo wangu nikiitikia amina.