Orodha ya Ukurasa Mmoja

Barua ya kumfukuza kaka yangu kazi niliichapa mimi mwenyewe, asubuhi, chai yangu ikiwa bado ya moto. Mkuu wa miti ya mji alitaka aitie saini kabla ya saa sita. Alijua fika kwamba huyo ni kaka yangu wa tumbo moja. Ndiyo maana hakunitazama usoni aliponipa maneno ya kuandika.

Kaka ni mpogoaji. Hupunguza matawi ya miti ya barabarani. Kwa wiki tatu matawi mabichi yalikuwa yakidondoka yenyewe, yamekatwa duara safi kama mtu aliyezungusha msumeno. Mkuu akashikilia kwamba kaka anayakata nusunusu akiwa kazini, yaanguke baadaye, ayauze kuni. Kaka akasema ni mdudu aitwaye mkatatawi. Mkuu akauliza kama jina hilo lipo kwenye orodha. Halikuwepo.

Orodha ni yangu. Miaka sita nyuma niliwakusanya wapogoaji wote wanitajie kila kinachoua mti. Walinipa majina arobaini na matatu. Mimi, kwa kujiona kwangu, nilitaka yaenee ukurasa mmoja wa kubandika ukutani, basi nikafyeka. Mkatatawi nilimfuta kwa kuwa dumuzi alikuwa ameshaandikwa, na kwangu mimi mdudu wa mbao ni mdudu wa mbao. Tangu hapo, sababu ikikosekana kwenye orodha, fomu ya mti ulioharibika hujazwa "binadamu."

Saa nne kaka aliitwa ofisini. Alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, buti zimejaa vumbi. Mkuu alimwambia kwamba dumuzi anamjua vizuri: hutoboa tundu, akala ndani kwa ndani, wala hakati. Kaka akakubali.

"Dumuzi anatoboa, mkatatawi anakata," alisema, kwa sauti ya mtu anayejizuia. "Jike linazunguka tawi likiling'ata pande zote, mpaka kati kinabaki kijiti kama penseli. Hiyo sisi tunaiita pete. Mayai linayataga upande ule utakaoanguka, Mkuu. Watoto wake hawali mti ulio hai."

"Nionyeshe."

Hakuwa na cha kuonyesha. Matawi yote yalikuwa yameshasombwa na kuchomwa, kwa amri ya Mkuu huyo huyo. Kaka aliomba siku mbili akatafute jingine. Akaambiwa siku mbili hazipo.

Mimi nilikuwa nacho cha kuonyesha.

Mwaka jana kulikuwa na mpogoaji tuliyemwita Mzee Ngazi, maana hakuachana na ngazi yake hata akienda kunywa maji. Alifukuzwa kwa kosa hilo hilo. Naye alisema mkatatawi, na Mkuu aliponigeukia, nilijibu bila kuinua kichwa kwamba jina hilo halipo. Mzee alikuwa amekuja na kipande cha tawi. Hakuna aliyekitazama. Nilikitia kwenye bahasha nene, nikaifunga kwa gundi, nikaandika "kielelezo," nikaiweka kwenye faili lake. Kisha nikaenda kula.

Kulitoa faili hilo kulikuwa ni kumwokoa kaka na kujianika mwenyewe. Sitajisifu: nilisita. Mkuu alifungua kalamu, akaisoma barua mstari kwa mstari, nami nikajiambia labda bahasha haina kitu, na kaka ana nguvu zake, atapata kibarua kwingine. Kalamu ilipogusa karatasi niliona aibu, nikainuka kwenda kabatini.

Niliichana bahasha juu ya meza ya Mkuu, juu ya barua yenyewe. Ulimwagika unga wa mbao. Kikafuata kile kipande cha tawi, ncha moja imeng'atwa duara, katikati kijiti kilichovunjika. Ubavuni palikuwa na tundu ambalo mwaka jana sikuliona. Mwisho akadondoka mdudu mwenyewe, mkavu, pembe zake nyembamba ndefu kuliko mwili. Alikuwa ametoka ndani ya tawi, akakutana na gundi yangu.

Mkuu alimgeuzageuza kwa ncha ya kalamu. Kisha akasoma jina lililo juu ya faili. Barua ya kaka aliichana vipande viwili, akamwambia arudi kazini. Mimi aliniambia, kwa upole nisioutaka, kwamba faili hilo lilishafungwa, nilirudishe nilikolitoa, na neno niliongeze kwenye orodha kimyakimya.

Kaka hakuondoka. Nasema kweli, nilikuwa nangoja shukrani.

"Mwaka jana nilikuwa nje ya mlango huu, dada," alisema. "Nilikusikia ukisema halipo. Nikanyamaza kwa sababu ni wewe."

Akavaa kofia yake, akatoka.

Nilirudi kwenye kiti changu nikalifungua faili. Jina halisi la Mzee Ngazi ilibidi nilisome humo, sikuwahi kulishika. Chini yake, mahali pa sababu, paliandikwa "binadamu" kwa mwandiko wangu. Sikulifuta neno hilo. Mbele yake niliongeza jina langu, nikaipeleka fomu mezani kwa Mkuu pamoja na ile bahasha.