Besi Isiyo na Vyuma

Landu alimtambua kabla hajavua miwani. Bosekota alikuwa amenenepa, lakini bado alitembea vilevile, kifua mbele, kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi. Nyuma yake kijana wake wa mazoezi alibeba kasha refu la gitaa.

"Wewe ndiye Mama Nyuzi?"

"Ndivyo wanavyoniita."

"Nilidhani ni bibi kizee. Kumbe mtoto."

"Mtoto wa nani, Papa? Nina watatu wangu nyumbani wananisubiri niwalishe."

Bosekota akacheka. Hakumtambua. Mara ya mwisho Bosekota kukanyaga uani kwao, Landu alikuwa msichana mdogo aliyemnawisha mikono na kumwekea pondu, ile mboga ya majani ya muhogo, na mkate wa muhogo wa kwanga. Mgeni alikula akaongeza, akamsifu mama yao kwa mkono wake mtamu. Wahenga hawakukosea: mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Kaka yake Landu, Mavungu, ndiye aliyepiga besi katika wimbo wa Bolumbu, wimbo ambao mpaka leo hakuna harusi ya Kinshasa inayokwisha bila huo. Santuri ilipotoka, jalada lilisema besi ni ya Bosekota, kiongozi wa bendi, yule aliyejiita Radi. Mavungu alimuuliza mbele ya wanamuziki wenzake. Kesho yake Bosekota alitangaza kwamba besi ya bendi imepotea na kwamba Mavungu ndiye aliyeichukua. Hakuna aliyekuja kupekua nyumba. Neno lilitosha. Pale Matonge, mtaa wa muziki, mwanamuziki akishaitwa mwizi, hata bendi ya walevi haimfungulii mlango. Mavungu akaenda Matadi, akawa mlinzi wa geti bandarini, hakugusa uzi tena. Mama yao alikufa huku wauza samaki wakificha vikapu vyao kila akipita.

Landu alibaki na vifaa vya kaka yake: tupa, koleo, na kopo la nyaya nyembamba zilizokunjuliwa kutoka mota za feni zilizokufa. Alibaki pia na yale Mavungu aliyomfundisha. Alinunua besi zilizotoka Ulaya zimevunjika shingo, akazipata kwa bei ya kuni, akaziunga na kuziuza zikiwa na sauti. Zilizokuwa bubu alizizungushia upya nyaya za sumaku zinazonasa sauti. Sasa wapigaji walivuka mto kutoka Brazzaville kumletea kazi.

Na leo alikuwa ameletewa hii.

Bosekota akafungua kasha mwenyewe. Ilikuwa besi nzuri, rangi ya asali, shingo nyeusi iliyokatwa kwa vyuma vyembamba, na ubavuni mwa shingo mstari wa nukta za gamba jeupe zilizong'aa kama meno ya mtoto.

"Mpenzi wangu mmoja wa Ubelgiji amenitumia," akasema. "Nataka uing'oe vyuma vyote vya shingoni. Kuna kijana anapiga kanisani kule Lemba, besi yake haina vyuma. Inalia kama mtu. Eti wanasema hapa mjini hakuna mwingine. Mimi nipo, wanasemaje hakuna mwingine?"

"Isiyo na vyuma inataka sikio, Papa Radi."

"Sikio?" Bosekota akamgeukia kijana wake. "Unamsikia huyu mama? Mwambie nani alipiga Bolumbu."

Kijana akatazama viatu vyake.

Tupa ikatulia mkononi mwa Landu. "Basi itakufaa," akasema. "Nikishang'oa, nyufa zitakazobaki nizijaze kwa mbao nyeupe, upate mistari ya kukuongoza?"

"Mistari ni ya wanaojifunza kuandika. Jaza nyeusi, isionekane kitu."

"Na nukta za ubavuni, nizisogeze?"

"Nukta usiziguse. Gamba hilo halipatikani hapa. Nukta ni nukta, mama. Jumapili ya sherehe ya kuuenzi wimbo wa Bolumbu nataka niwe nayo mkononi."

Hapo fundi yeyote angeweka kazi chini na kueleza. Kwenye besi ya kawaida, nukta iko katikati, kati ya chuma na chuma. Ukibonyeza popote katika nafasi ile, sauti ni moja, kwa sababu chuma ndicho kinachokata uzi, si kidole. Ukiking'oa chuma, sauti ya kweli inabaki pale chuma kilipokuwa. Anayebonyeza kwenye nukta anakuwa nyuma, na besi nzima inashuka, si sana, ila kiasi cha kumfanya msikilizaji akunje uso kama aliyeuma limau. Ndiyo maana Landu huzisogeza nukta. Yule kijana wa Lemba, Landu alimweleza jambo hili mpaka kijana akachoka kuitikia.

Huyu alikuwa amemuuliza, na amejibiwa.

Kama ni wewe uliyepiga, alimwambia kimoyomoyo, sikio lako litakuokoa. Kama si wewe, nukta zitakusema.

Kazi aliifanya kwa mapenzi, na hilo ndilo lililomshangaza yeye mwenyewe. Alipasha vyuma moto ili visipasue mbao, akavitoa kimoja kimoja, akajaza nyufa kwa vibanzi vyeusi, akapiga msasa hadi shingo ikawa laini kama shavu. Hakuweka kasoro hata moja. Papa Lutete, mtengeneza ngoma wa kibanda cha pili, aliyewahi kupiga ngoma na Mavungu zamani, akaja kuomba gundi. Akaichungulia ile shingo.

"Hujasogeza nukta."

"Amekataza."

"Umemweleza lakini?"

"Nimemuuliza."

Lutete akatazama jina la Bosekota lililochorwa juu ya kasha. Akajikuna kidevu.

"Mimi sijaona kitu," akasema. "Macho yangu mabovu tangu Krismasi."

Siku Bosekota alipokuja kuchukua, umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Akazidonoadonoa nyuzi za besi ile bila spika, katikati ya kelele za honi na wauza mikate, akasema inalia kama malaika. Landu akamwambia aipigie mazoezini kwanza.

"Wakubwa hawafanyi mazoezi," Bosekota akajibu. "Huyu kijana wangu ndiye ananifanyia. Mimi naingia siku yenyewe."

Jumapili, baada ya ibada, ua wa baa kule Bandal ulijaa. Moshi wa nyama ya mbuzi ulitanda juu ya meza, na watangazaji wa redio walikuwa wameshasimamisha vinasa sauti vyao. Juu ya ukuta walikaa wale wasiolipa, wanaoitwa popo, miguu ikining'inia. Landu aliketi karibu na jukwaa amevaa kitenge cha mama yake. Asubuhi alikuwa amempigia simu Mavungu. Alimwambia neno moja tu: afungue redio.

Bolumbu huanza kwa besi peke yake. Magitaa yakanyamaza. Bosekota akasonga mbele, akainamisha kichwa, macho yakatua kwenye nukta nyeupe, na vidole vikafuata macho.

Uzi mtupu wa kwanza, usiobonyezwa, ulitoka sawa. Sauti ya pili ikatoka imeshuka. Ya tatu ikashuka pia. Watu walidhani ni madoido. Magitaa yalipoingia, yakawa yanaimba wimbo mmoja na besi inaimba jirani yake. Mama mmoja akashusha chupa yake taratibu mezani.

"Radi imelowa," popo mmoja akasema kutoka ukutani.

Bosekota akasimamisha bendi, akamlaumu fundi wa spika, akakaza nyuzi. Landu akafumba macho kwa furaha, maana hili hakuwa amethubutu kuliomba. Sasa vidole vilikuwa sawa, lakini uzi mtupu ukawa umepaa. Na Mavungu alikuwa ameujenga Bolumbu wote juu ya uzi mtupu. Kila mara wimbo uliporudi nyumbani, ulikuta nyumba imehama.

"Legeza tena," popo wakamwelekeza.

"Kaza kidogo."

"Mpe huyo kijana wako, Papa, wewe kale mbuzi."

Ukuta mzima ulikuwa unacheka. Kisha sauti ya mtu mzima, labda ya Lutete, ingawa baadaye alikana, ikasema polepole katikati ya kicheko: "Mwiteni Mavungu." Wazee kwenye meza wakatazamana. Bosekota akavua besi, akashuka jukwaani, akatokea kwa mlango wa jikoni.

Wiki ile alizunguka vibanda vyote vya mafundi akitafuta wa kumrudishia vyuma. Alikuwa na safari ya kupiga Luanda, na besi nyingine hakuwa nayo. Lakini mtaa ule una desturi yake: kazi aliyoifungua fundi mmoja haifungwi na mwingine, mpaka wa kwanza aseme nimemaliza. Kila alipoweka kasha mezani, aliulizwa kwa adabu: "Nukta tuzisogeze, Papa?" Nyuma yake watu waliziba midomo.

Akarudi kwa Landu kukiwa na jua kali na mtaa umejaa.

"Umeniharibia jina."

"Lipi, Papa Radi? Kazi yangu ina kasoro wapi? Nionyeshe."

Bosekota akaigeuza shingo, akaitazama. Hakuona pa kushika. "Sema bei yako. Rudisha vyuma."

"Bei sitaki. Zungumza na mtu huyu." Landu akabonyeza namba, akaweka simu juu ya meza, sauti wazi. "Nyumbani kwetu ulikula pondu ya mama. Mimi ndiye niliyekunawisha."

Bosekota akavua miwani. Akamtazama kwa muda, na uso wake ukashuka kama nyuzi zilizolegezwa. Mafundi wa vibanda vya jirani walikuwa wameacha kugonga.

"Haloo," ikasema simu.

"Mavungu," Bosekota akasema.

Mavungu akauliza: "Ulikaza nyuzi?"

"Nilikaza."

Ndipo Mavungu akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akaanza upya. Tangu aondoke Kinshasa, Landu hakuwa amekisikia kicheko kile, na alishika ukingo wa meza ili asilie mbele ya adui.

"Yaya," Landu akamwita kaka yake simuni, "besi yake iko hapa kwangu. Naweza kuitundika ukutani hivi hivi. Ioze."

"Usithubutu." Kicheko kilikuwa kimekatika. "Waseme tena sisi ni wezi? Mrudishie vyuma vyake, na uviweke vizuri kuliko wa kiwandani. Lakini kwanza aseme. Nataka kumsikia akilifuta hilo neno lake la zamani."

Landu akamgeukia Bosekota. "Nani alipiga Bolumbu?"

"Mavungu."

"Hao wa ng'ambo ya barabara hawajasikia."

"Mavungu ndiye aliyepiga."

"Na ile besi ya bendi iliyopotea?"

Bosekota akalitazama kasha, akawatazama mafundi, akahesabu safari yake ya Luanda. "Niliiuza mimi," akasema. "Kule Pointe-Noire. Mavungu hakuichukua."

Muuza samaki mmoja aliyekuwa akipita akatua kikapu chake chini, wazi, karibu na mguu wa Landu, akasimama kusikiliza vizuri. Landu alikitazama kile kikapu kuliko alivyomtazama Bosekota.

"Nimesikia," ikasema simu, ikakatika.

Kazi ilimchukua Landu hadi mwisho wa wiki. Vyuma vilikaa sawasawa kama mistari ya daftari jipya. Alipiga kila sauti, akaisikiliza hadi mwisho, hakupata hata moja iliyokwaruza. Bosekota alipokuja hakuvaa miwani wala hakuleta kijana; kijana alikuwa ameshahamia bendi nyingine. Alipokea besi kwa mikono miwili, kichwa chini.

Landu akafuta tupa yake kwa kitambaa.

"Sasa bonyeza popote, Papa Radi," akamwambia. "Chuma kitakuficha."